Koti la Kijivu na Swali la Kuku

Fundi cherehani aliyeitwa Tuseme hakuwahi kuandika jina la mteja hata mmoja katika daftari lake. Majina yanafanana, alikuwa akisema, ila majibu hayafanani. Kwa hiyo mtu akija kushonewa nguo aliandikwa hivi: kifua inchi arobaini na mbili, mkono ishirini na nne, na chini yake swali aliloulizwa wakati anapimwa, pamoja na jibu alilotoa. Basi, hapo fundi ameridhika, anafunga daftari.

Maswali yenyewe yalikuwa na sababu. Mtu yeyote akisimama mbele ya kioo na kuona tepu inamjia, hubana tumbo. Analivuta ndani mpaka linakaribia kugusa uti wa mgongo, anatanua kifua, anainua kidevu, anakuwa mtu mwingine kabisa. Ukimshonea huyo mtu mwingine, yule aliyekuja dukani hataweza kuinama akifika kwake. Tuseme aligundua dawa ya ugonjwa huo akiwa bado kijana. Alikuwa akizungusha tepu kiunoni mwa mteja na kusema kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza saa:

"Tuseme umeokota meno ya bandia ya mtu aliyekutukana mbele ya wakwe zako. Ni asubuhi ya siku anayotakiwa kuhutubia mkutano. Utamrudishia kabla ya hotuba au baada?"

Mteja angecheka kwanza. Halafu angeanza kufikiri. Na mtu akifikiri kwelikweli hawezi kubana tumbo. Linashuka lenyewe, taratibu, kama mzigo unaotuliwa. Hapo Tuseme anasoma tepu na kuandika.

Mambo yalikwenda hivyo miaka thelathini na moja bila tatizo, kwa kuwa aliyekumbuka jibu lipi ni la nani alikuwa yeye mwenyewe. Kisha akafa, na kwenye bomba la kutundikia nguo zikabaki nguo kumi na nne zisizo na wenyewe.

Aliyebaki nazo ni binti yake. Watu walimwita Binti tu, hata alipofikisha miaka thelathini na minne. Kazi yake tangu amalize sekondari ilikuwa vifungo na matundu yake, na kifungo alichoshona yeye hakikuwahi kung'oka. Watu walitupa mashati yaliyochakaa wakabaki na vifungo. Alhamisi ile alitoka kununua uzi, akarudi saa kumi mchana, akamkuta baba yake ameweka kichwa juu ya meza ya kukatia, shavu limelalia koti la kijivu alilokuwa amelimaliza asubuhi, limebaki vifungo tu. Alikuwa anatabasamu kidogo. Binti akasema moyoni, mwache apumzike. Akavua viatu asije akamwamsha. Akakaa, akashona matundu matatu ya gauni la mtu. Ilipofika saa kumi na moja akaenda kumgusa bega.

Daktari alisema kumwamsha mapema kusingebadilisha kitu. Shangazi yake alisema hivyohivyo, na majirani wakasema hivyohivyo, na Binti aliitikia kila mmoja kwa adabu.

Baada ya msiba wenye nguo wakaanza kuja. Shangazi, dada wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye pumzi nyingi, alikuwa amehamia dukani kupiga pasi "mpaka mambo yakae sawa." Siku ya kwanza walipofungua daftari, Shangazi alilipindua juu chini akitafuta majina.

"Kaka yangu alikuwa na akili," alisema mwishoni. "Ila alikuwa nazo peke yake."

Hapakuwa na njia nyingine. Ilibidi kila anayekuja kudai nguo asomewe swali na jibu lake lilinganishwe na la daftarini. Mwenye suruali ya kahawia aliulizwa kuhusu daraja linalobeba watu wawili wanene au sita wembamba, akajibu bila kusita kwamba angelivunja hilo daraja akajenga lingine, na kweli, ndivyo ilivyoandikwa. Akachukua suruali yake akaenda zake. Lakini muuguzi mwenye gauni la bluu aliulizwa habari ya meno ya bandia akasema angeyarudisha kabla ya hotuba, wakati daftari lilisema baada. Akaapa gauni ni lake. Akageuka mbele ya kioo, gauni likamkaa kama ngozi yake.

"Sasa mbona jibu si lako?" Shangazi aliuliza.

"Nimebadilika, shangazi. Mtu habadiliki?"

"Anabadilika. Lakini gauni ni la yule wa zamani."

Muuguzi alirudi mara tatu, akikaa kwenye benchi la dukani na kujaribu kukumbuka alikuwa mtu wa namna gani mwezi wa tatu. Mara ya tatu akakumbuka ugomvi fulani na wifi yake, uso ukamkunjamana, akasema, "Baada. Baada ya hotuba, na ningekaa mstari wa mbele." Akapewa gauni. Aliondoka nalo amelikunja kwapani, hana furaha nalo sana.

Habari zikaenea mtaani. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye wateja wake wote walikuwa pia wateja wa Tuseme, akaanzisha kitu kama darasa. Watu walikaa kwenye viti vyake wakiwa na povu mashavuni, wakisomeshana majibu kama wanafunzi walionusa mtihani. Ungepita pale ungesikia mtu mzima, baba wa watoto sita, akikariri kwa sauti: "Ningemwokoa mbuzi, kwa sababu mwanasheria anajua kuogelea."

Nguo kumi na tatu zikapata wenyewe kwa namna hiyo. Likabaki koti la kijivu.

Ukurasa wake Binti aliujua kwa moyo. Uliandikwa hivi: *Tuseme jirani yako amelala mchana. Anaota ndoto njema, unamwona anatabasamu. Kupitia dirishani unaona mtu anamwibia kuku wake. Utamwamsha?* Na chini yake: *Aliniuliza mimi ningefanyaje. Nilikosa la kusema. Nirudie kipimo.*

Vipimo vyenyewe vilikuwepo juu ya ukurasa, vimeandikwa kwa mwandiko wa haraka, lakini hakuna aliyevitazama mara mbili. Ukurasa huo haukuonyeshwa mtu. Daftari lilikaa kwenye droo ya chaki, na ufunguo ulikaa kifuani kwa Shangazi, mahali ambapo hata kinyozi hakuthubutu kupanga mipango.

Wiki kumi na moja zilipita. Walikuja watu tisa kulidai koti, maana lilikuwa koti la kutamanisha: kola imelala vizuri, bitana nyekundu iliyokoza ikichungulia kwa adabu. Wote tisa waliulizwa swali la kuku. Binti ndiye aliyelisoma, na kila mara alianzia kwenye "jirani yako". Neno la kwanza, lile la baba yake, aliliruka. Wengine walisema wangeamsha, wengine wasingeamsha, mmoja alisema angemwiba yeye mwenyewe huyo kuku amtunzie jirani. Hakuna aliyemrudishia swali. Kila mmoja alipoondoka mikono mitupu Binti alilirudisha koti kwenye bomba, akalipangusa mabega, na Shangazi akiwa amegeuka, alilinusa kola.

Na katika wiki hizo zote hakupima mtu. Wateja wapya waliingia na vitambaa, wakatoka na vitambaa.

"Mpaka koti liondoke," alisema.

"Na unaomba lisiondoke," Shangazi alimwambia Jumatatu ile asubuhi, akipuliza pasi yake ya mkaa. "Usinikodolee macho. Nimekulea mimi. Leo likikosa mwenyewe nalitia sandukuni, na tepu naipachika shingoni mwako kwa nguvu."

Hajamaliza kusema, wakaingia wawili kwa pamoja, wanasukumana mlangoni.

Mmoja alikuwa karani wa posta, mwembamba kama msumari, amevaa masweta mawili ingawa jua lilikuwa linachoma. Mabega ameyainua mpaka masikioni. Mwingine alikuwa dalali wa viwanja, mtu mzito mwenye sauti ya kuuzia, ambaye siku hiyo hakuwa na sauti kabisa, kwa sababu alikuwa ameshabana tumbo tangu barabarani.

"Nimefuata koti langu," alisema karani.

"Langu," alisema dalali. Neno moja tu, kwa kuokoa pumzi.

Walivalishwa kwa zamu. Karani, pamoja na masweta yake, alijaa kwenye koti kwa shida, mikono ikaishia kwenye ncha za vidole. "Unaona, dada?" alimwambia Binti huku jasho linamtiririka. "Kama nimezaliwa nalo."

"Ulizaliwa na masweta mawili?" Shangazi aliuliza.

"Nina baridi ya ndani."

Binti akafungua daftari akasoma. Jirani yako amelala mchana, na kadhalika. Karani akatazama dari. "Ningemwamsha," alikariri, "kwa kuwa mali ya mtu ni haki yake, na ndoto haina hati."

"Hiyo umefundishwa kwa kinyozi," dalali alisema kwa pumzi fupifupi.

"Na wewe hukuwepo? Si tulikaa kiti kwa kiti?"

Ikafika zamu ya dalali. Alivaa koti, akageukia ukutani, akahangaika, akageuka tena limefungwa vifungo vyote vitatu. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Mishono ya ubavuni ililia kidogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

"Linakukaa, baba?" Binti aliuliza.

Dalali akatikisa kichwa kukubali. Hakuthubutu zaidi.

"Jirani yako amelala mchana..."

"Nisingemwamsha," dalali alisema kabla Binti hajamaliza. "Kuku atanunuliwa. Ndoto. Hainunuliwi."

Binti akafunga daftari. Wa kumi na wa kumi na moja. Alisogea kulivua koti lirudi kwenye bomba, na mkono wake ulipofika kwenye kola aliona pale chini ya lapeli, ule ulimi wa kola unaolala kifuani, mahali pasipoonekana na mtu asiye fundi, alama ya mkunjo mdogo ambayo pasi ya Shangazi haikuiondoa. Ni pale shavu lilipolala. Alisimama hapo, mkono begani mwa mwanamume asiyepumua, na duka zima likamsubiri.

Tepu ya baba yake ilikuwa mezani. Aliichukua, hakujua kwa nini.

"Tuseme," alisema.

Shangazi akaacha kupuliza pasi. Hakuwahi kulisikia neno hilo kwenye kinywa cha mtoto huyu.

"Tuseme si jirani," Binti aliendelea. Aliongea na kola. "Tuseme ni baba yako. Amelala kwenye meza yake ya kazi, saa kumi mchana. Anatabasamu. Wewe umetoka kununua uzi, umemkuta hivyo. Unavua viatu usije ukamwamsha."

"Na kuku?" dalali aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Hakuna kuku."

"Mwizi je?"

"Hakuna mwizi. Hakuna kinachoibwa ambacho wewe unakiona. Ni yeye tu amelala, na wewe umeshika viatu mkononi. Utamwamsha?"

Dalali akafungua mdomo kutoa jibu la kinyozi. Halikutoka. Akatazama meza ya kukatia, akatazama viatu vya Binti, akarudi kutazama meza. Paji la uso wake likajikunja. Na hapo tumbo lake likaanza safari.

Lilishuka bila haraka. Kifungo cha chini kiliondoka kwanza, kikagonga kioo. Cha katikati kikapita karibu na sikio la karani, kikalia kwenye pasi, kikabingirika chini ya cherehani. Cha juu kilijaribu kubaki peke yake, kikaning'inia kwa uzi mmoja. Vilikuwa vifungo vya Binti, alivyovishona baada ya msiba, na vilikuwa vya kwanza kung'oka maishani mwake. Hakuvitazama. Dalali naye hakuvitazama; alikuwa bado anafikiri, koti limefunguka kama dirisha, tumbo lote liko hadharani na yeye hana habari.

"Sijui," alisema hatimaye. Sauti yake ya kawaida ilikuwa imerudi, nzito, ila ndogo. "Kwa kweli sijui, mama. Na wewe? Wewe ungefanyaje?"

Pasi ya Shangazi ilikuwa imesimama juu ya kitambaa na moshi ulianza kupanda. Hakuiinua.

"Sikumwamsha," Binti alisema. "Nilikaa pale. Nikashona matundu matatu ya vifungo."

Karani, ambaye hakuwa na uovu wowote, aliona ni lazima mtu aulize kitu.

"Yalitoka vizuri?"

Binti alifikiri. Mabega yake, ambayo wiki kumi na moja yalikuwa yamekaa juu kidogo kuliko yalivyoumbwa, yalishuka.

"Yalitoka vizuri sana," alisema. "Nilikuwa nashona polepole, nisipige kelele na mkasi."

"Unaunguza, mama," dalali alimkumbusha Shangazi, na Shangazi akainua pasi, akapiga chafya mbili kwa ajili ya moshi, akafuta macho kwa ajili ya moshi huohuo.

Binti akafungua daftari pale penye ukurasa wa koti, akalisogeza mbele ya shangazi yake, akaweka kidole chini ya mstari. *Aliniuliza mimi ningefanyaje.*

"Wewe ulimwuliza," alimwambia dalali.

"Nilimwuliza nani?"

"Baba. Alipokupima."

Dalali alivuta kumbukumbu. "Ah. Ndiyo. Nilikuwa sina jibu, nikamtupia yeye. Alinitazama muda mrefu, tepu ikamponyoka ikaanguka. Kisha akaandika namba fulani, akaniambia nenda, nimeshapima. Nikaona kabisa kwamba hajapima."

"Ukanyamaza?"

"Ningemwambiaje mzee wa watu?"

"Na wiki zote hizi, kwa nini hukuja ukasema koti ni langu, limekosewa?"

"Ningeaminiwa na nani, binti yangu? Nikilijaribu, halifungi. Na ninyi mnataka jibu, mimi jibu sina, sikuwa nalo hata siku ile. Ikabidi nikae kwa kinyozi nitafutiwe. Nyumbani nimeacha kula chakula cha jioni kwa ajili ya koti langu mwenyewe." Alijitazama, akaona tumbo. Akafanya kama anataka kulirudisha ndani, kisha akaliacha.

Shangazi aligeukia karani, mikono kiunoni. "Na wewe wa baridi ya ndani?"

Karani alikuwa ameshavua sweta moja. "Mimi si langu," alikiri. "Sijawahi kushonewa kitu hapa. Miaka sita napita mlangoni nataka kuingia, naogopa."

"Unaogopa nini, cherehani?"

"Swali. Nilisikia fundi anauliza watu, anaandika. Nikasema, akiniuliza mimi akakuta hamna kitu? Alipofariki nikajilaumu. Nikaona bora nivae hata la mwingine, ambalo mtu ameshajibu."

Shangazi alitaka kumtukana, akashindwa kupata mahali pa kuanzia. Akampa maji ya kunywa.

Binti alikuwa amelivua koti kwa dalali na kulilaza mezani, bitana juu. Alijua alichokuwa anakitafuta sasa. Akapapasa mshono wa ubavuni kwa kidole gumba na kukuta unene usio wa kawaida. Baba yake alikuwa mtu wa kuacha akiba ya kitambaa upana wa kidole kimoja ndani ya mshono, hakuzidisha. Kitambaa kikizidi, alisema, nguo inakuwa na tumbo lake yenyewe. Hapa palikuwa na vidole vinne kulia na vinne kushoto. Baba alijua amekosea. Alikata akijua, akaacha nafasi, akasubiri mtu arudi ampime tena, na katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumpima mtu mara mbili.

Kulipanua koti ilibidi mshono ufumuliwe wote, kutoka kwapani hadi pindoni. Ulikuwa mshono wa mwisho wa mkono wa baba yake, mdogo, uliopangana kama mistari ya daftari la mtoto mwenye bidii. Hakuna mwingine uliobaki dukani.

"Linaweza kukaa," dalali alisema taratibu. Hakuwa mjinga. "Mimi nina makoti mengine, mama. Liache kwenye bomba."

Binti alitoa wembe kwenye droo ya chaki. Aliushika muda. Kisha akakata uzi wa kwanza, akauvuta, na mshono ukaanza kufunguka kwa sauti ndogo, tik, tik, tik. Vipande vya uzi alivikusanya kwenye kiganja na kuvitia ndani ya kopo la chaki. Shangazi aliona, akajifanya anahesabu mkaa.

Alipomaliza pande zote mbili alizungusha tepu kwenye kifua cha dalali, ambaye alikuwa amesimama kama alivyo, amechoka, hajabana chochote. Akasoma. Akachukua kalamu, na chini ya *Nirudie kipimo* akaandika: *Nimerudia. Arobaini na nane na nusu.*

"Njoo Ijumaa, baba."

"Nitakuja. Na jioni ya leo nakula."

Alipoondoka, karani alibaki katikati ya duka, sweta la pili mkononi, hajui kama amefukuzwa. Binti alifungua ukurasa mpya.

"Kaka, simama hapo mbele ya kioo."

"Sina kitambaa, dada."

"Vitambaa vipo."

"Utaniuliza?"

"Nitakuuliza."

Karani alisogea. Alikuwa hana tumbo hata la kukopa, lakini tepu ilipomkaribia alilivuta ndani hilo dogo alilokuwa nalo, akatanua kifua, akainua kidevu, akawa mtu mwingine kabisa. Binti alimpitishia tepu mgongoni na kusubiri kidogo, kama baba yake alivyokuwa akisubiri.

"Tuseme," alisema.